Jua la Springfield: cheti cha chuma na moto wa chuma

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi mafundi mliofunga karakana zenu mchana huu, asanteni kwa kuja. Nimepewa mada yenye urefu wa mkeka: masharti ya chuma na vipimo vyake katika utengenezaji wa mitutu ya bunduki wakati wa vita. Walionialika wananijua. Wameandika kwenye ratiba kwamba nitaanza na mizinga ya karne ya 19 na kumalizia na Vita Kuu ya Pili, yote ndani ya saa moja, na wanajua fika kwamba nitakwama 1917 kama kawaida yangu. Mliokwisha kunisikia mnivumilie. Mliokuja mara ya kwanza, mstari wa mbele sogezeni viti nyuma kidogo, maana nitavunja kitu.

Hizi ni bledi mbili za msumeno wa chuma. Nimezinunua jana, duka moja, pakiti moja, zile za bei ya chini kabisa ambazo mafundi mlioko hapa mnazitukana kila siku. Tukizipeleka maabara zikapimwe kaboni, manganizi, salfa na fosforasi, majibu yatafanana. Sasa navaa miwani. Hii ya kwanza naizungushia kitambaa, naishika ncha zote mbili, naikunja.

(Mlio wa kuvunjika.)

Haya. Haikuomba ruhusa wala haikuaga. Kipande kimoja kimeruka huko, tutakitafuta baadaye. Hii ya pili asubuhi niliilaza juu ya jiko la gesi mpaka ikaiva nyekundu, nikapunguza moto pole pole, nikaiacha ipoe yenyewe huku nakunywa chai. Mama watoto akauliza kama leo tunakula msumeno. Naikunja. Mnaona? Inakunjika kama waya wa kufungia nondo. Naikunja tena, imekuwa kulabu. Pitishianeni muishike.

Kemia ile ile, chuma kile kile. Kimoja kimekatika kama kigae, kingine ukitaka unatundikia nguo. Kilichovitofautisha ni moto vilioupitia, na moto hauonekani kwenye cheti cha kemia. Nimelisema hili kwa wanunuzi wa nondo, nimelisema kwa wakandarasi, nimelisema harusini mpaka nikaombwa nikae. Leo nitalisema kwa kutumia bunduki, labda bunduki itasikilizwa.

Basi twende Springfield. Si lazima niwaeleze Vita Kuu ya Kwanza, hiyo mmeisoma. Springfield ni mji wa jimbo la Massachusetts, Marekani, na hapo palikuwa na kiwanda cha silaha cha serikali, kikongwe, chenye heshima. Kuanzia 1903 kilitengeneza bunduki ya askari wa miguu iliyoitwa kwa mwaka huo. Kiwanda cha pili cha serikali, Rock Island katika jimbo la Illinois, nacho kiliitengeneza. Bunduki nzuri. Inalenga vizuri mpaka leo wapo wanaoipenda kuliko ndugu zao.

Bunduki ya namna ile ina mtutu, au kasiba kama walivyouita wazee, na nyuma yake kuna kipande kinachoushika mtutu kwa mbele, na ndani yake komeo linafunga kwa nyuma. Wamarekani wana jina lao la kipande hicho. Mimi hukiita kifua cha bunduki, kwa sababu chochote kitakachokwenda vibaya ndani ya mtutu kitaishia hapo, sentimita chache kutoka kwenye shavu lako.

Kifua kilifuliwa kwa chuma cha kaboni kidogo. Kikachongwa, kikafukiwa kwenye mkaa wa mifupa ndani ya tanuru ili ngozi ya nje inywe kaboni, kikazamishwa kwenye mafuta. Nje kigumu kisilike, ndani kilaini kivumilie. Ndivyo ilivyokusudiwa. Masharti ya chuma yaliandikwa, kaboni kuanzia hapa hadi hapa, manganizi kuanzia hapa hadi hapa, na chuma kilichofika kiwandani kilitimiza masharti. Hakuna aliyeibiwa. Hakuna aliyeuziwa chuma feki. Nataka mlishike hilo, kwa sababu sisi tukisikia kitu kimevunjika, jambo la kwanza tunamtafuta mwizi.

Na kila bunduki ilijaribiwa. Risasi yake ya kawaida ilitoa presha ya pauni kama 50,000 kwa inchi ya mraba. Kwenye majaribio ilipigwa risasi maalumu ya pauni kama 70,000. Ikipona, inagongwa muhuri, inakwenda jeshini. Kwa hiyo mna cheti cha kemia, na mna jaribio la kulipua. Ninyi mngekuwa wakaguzi mngesaini? Mngesaini. Na mimi ningesaini.

Aprili 1917 Marekani ikaingia vitani. Risasi zikahitajika kwa mamilioni, viwanda vya watu binafsi vikapewa kazi, na baadhi ya risasi zikatoka na ganda lenye kitako laini. Ganda la risasi, mafundi mnalijua, kazi yake si kubeba baruti tu, ni kizibo. Baruti ikiwaka, ganda linatanuka na kubana kuta za chemba, kile chumba linamokaa nyuma ya mtutu, ili gesi isirudi nyuma. Kitako kikiwa laini, kinapasuka, na gesi yenye presha ile yote inamwagika ghafla ndani ya kifua. Bunduki zikaanza kuvunjika. Hazikutanuka wala kuota ufa. Zilisambaratika vipande, kama chungu kilichoangushwa.

Uchunguzi ukafanywa. Wakakuta punje za chuma, zile chembe ndogo zinazokijenga, zimekua kubwa ndani ya vipande vile, chuma kimekauka, yaani kinavunjika bila kupinda, kimeungua. Kuungua kwa chuma si lugha ya mafumbo. Ukikipasha kupita kiasi wakati wa kufua, mipaka ya punje zake inaharibika, hewa inaingia humo, na hapo umekwisha. Hata ukikirudisha motoni mara saba hakiponi.

Lakini kiliungua vipi kwa mafundi wenye uzoefu wa miaka mingi? Hapa ndipo ninapopapenda, na mwenyekiti nakuona unaangalia saa, subiri. Joto la chuma kwenye tanuru za kufulia lilikuwa linapimwa kwa jicho. Fundi mkuu anatazama rangi: bado, bado, sasa hivi, toa. Miaka ishirini anafanya kazi hiyo, jicho lake limekuwa chombo. Basi wakaleta pairomita, kile kipimajoto cha tanuru, wakaliweka jicho la mzee kando ya kipimo. Siku ya mawingu jicho likasema joto limefika. Siku ya jua kali jicho likasema joto limefika. Tofauti kati ya siku hizo mbili ilifikia nyuzi 300 za Farenhaiti. Kwa nyuzi zetu za Selsiasi ni kama 167.

Fikirieni. Jua linapenya dirishani, karakana yote ni nyeupe, chuma chekundu kinaonekana hafifu. Fundi anaona hakijaiva, anakirudisha. Kinapoonekana chekundu sawasawa machoni pake, kimeshapita zamani. Kesho yake mawingu, karakana ina giza, chuma kinang'aa mapema, kinatoka kikiwa salama. Kwa hiyo ubora wa bunduki ya askari ulitegemea hali ya hewa ya Massachusetts siku kifua chake kilipofuliwa. Hakuna mahali kwenye masharti ya chuma palipoandikwa neno jua.

(Kicheko.)

Mnacheka. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi kwenye karakana moja, sitaitaja, tukitengeneza springi za malori. Palikuwa na fundi mmoja, tulimwita Mzee, jicho lake sote tuliliheshimu. Siku moja saa sita mchana mlango mkubwa ukiwa wazi, nikamwuliza, Mzee, hii imeiva? Akasema bado kabisa. Nikamwambia kijana avute mlango. Ukafungwa, tukabaki na mwanga wa tanuru. Mzee akaruka: toeni haraka, mnaunguza! Chuma ni kile kile, hakikupita hata nusu dakika. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia nisimfanyie tena mbele ya vijana. Na alikuwa na haki ya kukasirika, maana kosa halikuwa lake. Jicho la binadamu limeumbwa kulinganisha, halikuumbwa kupima.

Springfield wakafanya mambo mawili. Wakafunga pairomita, na mwaka 1918 wakabadili utaratibu: moto mara mbili na mafuta mara mbili, kisha kurudishiwa joto dogo ili ule ukavu upungue. Utaratibu mpya ulianza kwenye bunduki namba 800,000 hivi. Rock Island ulianza namba 285,507. Jumlisheni wenyewe: bunduki zaidi ya milioni moja zilikuwa zimeshatoka kwa utaratibu wa zamani. Ziko mikononi mwa askari, na kwa nje huwezi kujua ipi ilifuliwa siku ya jua na ipi siku ya mawingu.

Sasa rudini kwenye jaribio la kulipua, maana najua kuna mhandisi hapa anajiuliza: si zote zilipigwa risasi ya 70,000 zikapona? Ndiyo, zilipona. Hata zilizokuja kusambaratika zilikuwa na muhuri. Na jaribio halikuwa la uongo. Liliuliza swali moja: je, ganda likikaa sawa na presha ikapanda, komeo na kifua vitahimili kuvutwa? Jibu likawa ndiyo, na jibu lilikuwa kweli. Lakini hakuna aliyeuliza swali la pili: je, ganda likipasuka na gesi ikapiga kifua kwa ndani kama nyundo? Chuma kikavu huweza kuvumilia mzigo mkubwa unaokuja kwa kuvuta, kisha kikafa kwa pigo dogo la ghafla. Bledi hii niliyoivunja, ningeining'inizia mzigo taratibu ingebeba kuliko hii kulabu mnayopitishiana. Kipimo hujibu ulichokiuliza, hakijibu ulichokisahau. Wakaguzi wengi hukipenda kipimo fulani kwa sababu wana mashine yake, si kwa sababu wana swali lake.

Tena angalieni hili: kasoro ilikuwapo tangu miaka ya nyuma, wakati wa amani. Risasi zilikuwa nzuri, zikaificha. Vita ilileta risasi mbovu, na risasi mbovu ikaumbua chuma kibovu. Kwa hiyo anayeniambia "vita ina haraka, viwango vinalegea" namkubalia nusu tu. Springfield haikulegeza kitu. Ilikuwa imelegea siku zote na haikujua.

Kati ya 1917 na 1929 zilihesabiwa bunduki 68 zilizosambaratika hivyo. Hakuna aliyekufa, lakini wapo waliopoteza jicho. Mwaka 1927 bodi ya maofisa ikashauri bunduki zote za namba za chini ziondolewe. Wakajaribu pia kuzirudisha motoni upya kuona kama zitaokoka. Haikutegemeka, nimeshawaambia kilichoungua hakiponi. Wakubwa wakapiga hesabu, wakaona kutupa bunduki milioni moja ni ghali, wakaamua zilizoko mikononi ziendelee, na itakayorudishwa kwa matengenezo ndiyo isirudi tena. Mwanafunzi mmoja wa uchumi aliwahi kunibana: mwalimu, 68 kwa milioni ni kitu gani? Nikamwambia ni kidogo sana, karibu si kitu, ilimradi jicho si lako. Lakini nikiwa peke yangu nakiri kwamba yule aliyeamua hakuwa mjinga. Alikuwa na karatasi yenye namba, na hakuwa na bunduki nyingine.

Kuna pingamizi ninalolisikia kila mahali, hasa kwa wenzetu wa Kagera. Husimama mtu nyuma pale: mwalimu, babu zetu Buhaya waliyeyusha chuma, tena chuma chenye kaboni, karne nyingi kabla ya hiyo Springfield yako, na hawakuwa na pairomita. Kweli kabisa. Pale Katuruka watafiti wamechimba masalia ya matanuri ya kale, na wazee wa Kihaya waliwahi kuwajengea tanuru na kuyeyusha mbele yao. Mimi nawavulia kofia. Lakini, ndugu yangu, babu alifua jembe. Jembe likipinda unalirudisha kwa mhunzi unamgombeza, anakurekebishia, mnakunywa rubisi. Isitoshe mhunzi amekaa bandani, kivulini, miaka yote, tanuru lile lile, kwa hiyo jicho lake lina mwanga mmoja wa kulinganishia. Mweke chini ya paa la vioo, mpe zamu tatu kwa siku na vijana mia wasiojua kazi, mwambie atoe vipande elfu, kisha uniambie. Tatizo halikuwa mhunzi. Tatizo lilikuwa kumpa mhunzi kiwanda na kumwachia jicho.

Wazee wana msemo, chuma chake ki motoni. Nami huuliza, moto wa nyuzi ngapi?

Haya, mtutu wenyewe. Nimeonyeshwa karatasi ya dakika kumi na tano.

Nani hapa hukaanga soseji? Ikipasuka, inapasuka vipi, kwa kuzunguka au kwa urefu? Kwa urefu. Mpira wa kumwagilia bustani je? Kwa urefu. Bomba lolote jembamba lenye presha ndani, ule msukumo wa kulipanua kwa upana ni mara mbili ya ule wa kulivuta kwa urefu. Mtutu una ukuta mnene na hesabu yake inabadilika, ila tabia ni hiyo hiyo: unataka kupasuka kama muhogo.

Sasa chuma kikifuliwa kuwa fimbo ndefu, uchafu wote mdogo uliomo, salfa na taka za tanuru, unavutwa pamoja nacho uwe kama nyuzi. Chuma kinakuwa na nyuzi kama mbao. Mpasua kuni anajua shoka lipite wapi. Ukikata kipande cha majaribio kwa urefu wa fimbo na kukivuta kwenye mashine, utapata majibu mazuri ajabu, kwa sababu unavuta kufuata nyuzi. Lakini mzinga ukipigwa, baruti haifuati nyuzi, inazitenganisha. Ndiyo maana kwa mizinga masharti yalidai kipande kikatwe kwa kukingama. Mtutu hufuliwa mrefu kuliko unavyotakiwa. Ukishapitia moto wake wote, miisho yote miwili inakatwa pete, na vipande vya kuvuta vinatolewa kwenye pete hizo. Baada ya moto, narudia. Sio kabla.

Waliojifunza hilo walilipa. Februari 28, 1844, manowari ya Marekani Princeton ilikuwa inawatembeza wakubwa kwenye mto Potomac, Rais John Tyler akiwamo. Wakapiga mzinga mkubwa wa chuma cha kufuliwa, wenye jina la "Mleta Amani", nadhani jina hilo lilikuwa uchokozi. Ukapasuka. Wakafa watu sita, wakiwamo Waziri wa Mambo ya Nje na Waziri wa Jeshi la Majini. Rais alinusurika kwa kuwa alikuwa chini ya sitaha. Kamati ya taasisi ya Franklin ya Philadelphia ikakata vipande kutoka kwenye mabaki ya mzinga, ikavivuta, ikakuta chuma kilichokuwa ndani ya mzinga ni dhaifu kuliko vile kilivyotarajiwa kwa kutazama fimbo zilizoufanya. Fimbo zilikuwa nzuri. Mzinga haukuwa fimbo tena.

Si lazima mpande ndege kuona mtutu mzito wa vita. Nendeni Mombasa, Fort Jesus. Nje pale kuna mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg, ile iliyomalizwa kwenye delta ya Rufiji Julai 11, 1915. Mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 ilitolewa majini, ikapelekwa Dar es Salaam kufungwa magurudumu, kisha ikakokotwa bara na mamia ya watu wetu ambao majina yao hakuna aliyeyagonga muhuri. Na karibu yake kuna mzinga wa Pegasus, manowari ya Kiingereza ambayo Königsberg yenyewe iliizamisha Zanzibar Septemba 20, 1914. Mahasimu wamewekwa jirani. Msipige picha tu. Pigeni magoti, tazameni mdomo wa mtutu, mtaona mifereji ya ndani inayoizungusha risasi. Mtutu wa namna hiyo umekaa kwenye maji ya chumvi, umezama, umetolewa, umepigiwa mvua za masika barani, na bado ulipiga. Hapo pana moto uliosimamiwa vizuri, na mtu aliyekataa kusaini mpaka aone pete.

Mkaguzi wa chuma cha mizinga alikuwa na haki nyingine ambayo kila mwenye kiwanda aliichukia: kukatwa kichwa cha donge. Chuma kikimiminwa kwenye kalibu, kinaganda kuanzia pembeni, na uchafu unakimbilia katikati na juu. Juu panakuwa na shimo na salfa imejaa. Sehemu hiyo inakatwa na kutupwa, na si kidogo. Vitani, tani za chuma kizuri zinahitajika, halafu wewe mkaguzi umesimama unatupa sehemu nzima ya kila donge! Kila bosi atakuuliza kwa nini. Jibu ni kukata kisahani chembamba na kukichemsha kwenye tindikali ya haidrokloriki. Tindikali inakula penye uchafu kwanza, na baada ya muda kisahani kinakuwa kama picha: mashimo, nyufa, doa jeusi katikati. Bosi akionyeshwa kisahani hicho mara moja, huwa hasemi tena siku hiyo. Kipimo kizuri ni kile ambacho hata mhasibu anakiona.

Dakika tano. Nilisema mimi.

Vita Kuu ya Pili, kwa kukimbia. Tatizo la 1942 lilikuwa tofauti: nikeli, kromu na molibdenamu, metali zinazochanganywa na chuma ili kiwe imara, hazitoshi. Ukiwa na masharti ya mapishi, yaani nikeli kiasi hiki na kromu kiasi hiki, umekwama. Marekani wakatoa aina mpya za vyuma vya dharura vyenye kidogo cha kila kitu, nyingi zikitumia masalia yaliyomo kwenye chuma chakavu. Wangejuaje kwamba chuma hicho kipya kitakuwa kigumu sawasawa kikipashwa na kupoozwa? Kwa sababu mwishoni mwa miaka ya 1930 Walter Jominy na mwenzake walikuwa wameleta kipimo rahisi mpaka unaona wivu: fimbo ya inchi moja kwa inchi nne, inapashwa, inasimamishwa, maji yanarushwa kwenye kitako chake tu. Kisha unapima ugumu kutoka kitako kwenda juu. Upande mmoja umepoa ghafla, upande wa pili pole pole, na katikati kila mwendo wa kupoa upo kwenye fimbo moja. Hakikuulizi umeweka nini kwenye chungu. Kinakuuliza chuma chako kinafanya nini kikipoa. Ningekuwa na saa nyingine ningekaa hapo tu. Mwalimu anayefundisha metali na hajawahi kuwamwagia wanafunzi maji ya Jominy miguuni, sijui anafundisha nini.

Wajapani nao, bunduki yao ya Aina ya 99. Mwanzoni ndani ya mtutu walipaka kromu ili usiliwe na kutu na baruti. Vita ilipowazidia, kromu ikaachwa, mbao zikaachwa na makwaruzo, vilengeo vikarahisishwa, komeo likaachwa na alama za tupa. Ukiishika ya mwisho mwisho unaionea huruma. Kulegeza huko kunaweza kutetewa na mtu aliyefikiri: mtutu usio na kromu utachakaa mapema, hautamrukia mtu usoni kwa hilo. Kulegeza moto wa kifua ni habari nyingine. Wajerumani walipokosa kromu ya Uturuki kuanzia Aprili 1944 ... hapana, hiyo sitaweza. Bunduki zao za rashasha MG 42 zilibadilishwa mtutu kila baada ya risasi mia mbili hivi kwa sababu ya joto, na kuna mambo mazuri ya kusema kuhusu kutengeneza mtutu ukijua utatupwa, lakini hayo nayo yamekwenda. Stelaiti, ile metali ngumu isiyolegea kwa joto, ndani ya mitutu ya rashasha za Marekani, nimeiandika hapa kwa wino mwekundu, imekwenda. Kipimo cha ugumu cha Brinell, wale mliokuja kwa ajili yake, samahani. Kitabu chochote kinacho, ni gololi ya milimita 10 na subira.

Swali moja tu, mwenyekiti anasema. Wewe mama pale.

Ameuliza, kwa wasiosikia, kama karakana ndogo isiyo na uwezo wa kununua pairomita ifanye nini. Swali zuri kuliko mhadhara. Anza kwa kufunga mlango. Sitanii. Weka tanuru mahali pasipofika jua, weka taa ile ile, mwanga ule ule asubuhi na jioni, usiku na mchana. Hutajua nyuzi ngapi, lakini angalau kosa lako litakuwa moja kila siku, na kosa la aina moja linarekebishika. Pili, sumaku. Chuma cha kawaida kikifika nyuzi 770 hivi za Selsiasi sumaku inakiachia, iwe jua, iwe mvua. Sumaku ya spika mbovu inatosha, ifunge kwenye waya. Tatu, kila kundi unalopasha, toa kimoja ukivunje. Kivunje kweli, tazama pale kilipovunjika: punje zikiwa kubwa na zinang'aa kama chembe za sukari, simamisha kazi. Utaona uchungu kuvunja kitu kizima ulichokitolea jasho. Mimi bledi hii ilikuwa shilingi mia chache tu na niliona uchungu.

Na tafadhali, yule kijana wa mstari wa tatu, angalia chini ya kiti chako. Kile kipande kina makali, usikishike kwa mkono mtupu.